Chupa na vifuniko vya jumla kwa jamu na achari za nyumbani: hiyo akiba iko wapi?

#1 Baba K wa Sakina

Wakuu, salaam.

Kila semina ya ujasiriamali ninayoingia wimbo ni ule ule: nunua vifungashio kwa jumla, utaokoa hela. Leo nimekaa na karatasi nimepiga hesabu, na hiyo akiba siioni. Naiweka mezani mnikosoe.

Nyumbani tunatengeneza jamu ya nanasi, achari ya embe na sosi ya pilipili. Nyingi tunakula wenyewe, zinazobaki wanachukua majirani na watu wa kanisani. Kwa mwezi ni chupa 30 hivi.

Hapa Arusha chupa ya kioo ya mililita 250 na kifuniko chake naipata kwa 1,000 rejareja. Dar nikapewa kwa 700, sharti nichukue 480. Hapo ni 336,000. Buti la basi, bodaboda za huku na kule na wapagazi, 40,000. Zilizofika zimevunjika, 19. Nikabaki na chupa 461 kwa 376,000, yaani kama 816 kila moja. Akiba yote: 85,000.

85,000 si haba. Ila chupa 461 kwa mwendo wa 30 kwa mwezi ni miezi 15. Miezi 15 hela imelala chini ya kitanda cha watoto imefunikwa nailoni, wakati ningeweza kuizungusha kwenye kuku. Anayefaidika na jumla aje atuambie anafaidikaje. Nawasilisha.

#2 Mpiga Ramli

Nimeweka kambi hapa. Waje wenye viwanda.

#3 Mama Achari

Baba K, hesabu safi, ila umeshikilia ile 1,000 kama imepigwa msumari. Miezi 15 yote itabaki 1,000? Ngoja embe ziive, Novemba mpaka Januari, uende dukani uone. Kwanza bei imepanda, pili chupa hazipo, maana kila mwenye mwembe anazitaka wiki moja na wewe. Mimi nanunua Agosti, watu wamelala. Mwaka juzi jirani yangu alikuwa na embe za bure ndoo nne na hana hata chupa moja. Zile embe walikula mbuzi.

#4 Nyanya Masalo

Mnaanzia mkiani. Chupa ni kitu kidogo, pesa iko kwenye kinachoingia ndani.

Mimi ni mtu wa barabara ya Iringa. Pale Ilula nyanya zikifurika, tenga linaloanza msimu kwa bei ya kujidai linashuka mpaka mkulima anakubembeleza. Na zile masalo, zilizoiva mno zisizofaa kusafiri mpaka Dar, zinauzwa kwa bei ya kutupa. Ukiwa na chupa zako tayari na kuni, kwa siku mbili unapika sosi ya mwaka mzima. Nenda kanunue nyanya hizo hizo Februari kwa sado uone. Hapo ndipo jumla inalipa, na chupa hata ukiuziwa 1,200 hutaona maumivu.

#5 Baba K wa Sakina

Nyanya Masalo nakuelewa, ila hiyo ni jumla ya mazao, mimi nauliza jumla ya chupa. Mama Achari, ya Agosti naikubali nusu. Ukinunua 120 Agosti umeshapita msimu. Hizo 480 za nini?

#6 Mwanaisha wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Mleta mada nisamehe naingilia, langu ni ndugu na lako.

Niko Tanga mjini. Chupa nazipata za kukusanya, ila vifuniko nilichukua mfuko mzima wa elfu moja, vile vya bati vya kuzungusha, maana kimoja kimoja wananiuzia kama dhahabu. Mwanzoni raha tupu. Sasa hivi napika achari, nafunga ikiwa moto, chupa ikipoa natakiwa nisikie ule mlio wa "tak" na kitufe cha katikati kizame. Katika kila kumi, mbili tatu kitufe kimesimama, ukikibonyeza kinaingia na kurudi. Wiki ya pili juu kuna ukungu mweupe. Na vile vilivyobaki mfukoni vimeanza kushika kutu kwenye ukingo. Nimeuziwa mabovu au kuna kitu sikijui?

#7 Fundi Chupa

Ukubwa huo. Chupa za kukusanya zina kila namba: 58, 63, 66, 70, 82, hizo ni milimita za mdomo. Ya 63 na ya 66 kwa macho ni mapacha. Chukua rula upime kabla hujamlaumu muuzaji.

#8 Kijana wa SUA

Fundi, hapo siko na wewe. Kifuniko cha 63 hakivai kabisa mdomo wa 66, na cha 66 juu ya 63 kinazunguka hovyo bila kushika. Angeona siku ya kwanza, asingesubiri ukungu wa wiki ya pili.

Nilisomea mambo ya chakula pale Morogoro, sasa nina duka la vifaa vya ujenzi, msinicheke. Dada Mwanaisha, geuza kifuniko uangalie ndani. Pembeni kuna duara la kitu laini kama mpira. Hilo ndilo linaloziba. Achari ya moto inatoa mvuke, mvuke unasukuma hewa nje, chupa ikipoa mvuke unarudi kuwa maji, ndani panabaki utupu unaovuta kitufe chini. Ule mpira ukiwa umekauka, hewa inarudi kimyakimya. Halafu si mipira yote ni sawa. Kuna vifuniko vilivyotengenezwa kwa vitu vinavyofungwa vya baridi kama asali, na kuna vya kuhimili moto. Kwenye mfuko wa elfu moja usio na maandishi huwezi kujua umepewa vipi. Vya bei nafuu sana mimi nahisi ni vile vya asali.

#9 Fundi Chupa

Kijana, umesahau meno. Angalia ukingo kwa ndani, kuna vijino vinavyokamata uzi wa chupa. Vingine vina vinne, vingine sita. Milimita zinaweza kuwa sawa, meno yakatofautiana, kifuniko kikakaa upande. Kwa nje kinaonekana kimefunga vizuri tu. Hiyo ya asali umeiotea.

#10 Wa Njombe Baridi

Nyote mnazunguka mbuyu. Sababu ni mwinuko. Maji yanachemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Ukipanda kila mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Arusha iko kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye 95. Kwetu Njombe karibu mita 2,000, ni kama 93. Chakula kinachemka macho yanaona mapovu, kumbe joto halijatosha. Ukungu haukufa.

#11 Mwanaisha wa Ngamiani

Kaka wa Njombe, Tanga ni baharini. Nikitoka mlangoni nanusa dagaa.

#12 Mpiga Ramli

😂😂😂 Njombe baridi imemfanya aone milima mpaka Ngamiani.

#13 Wa Njombe Baridi

Chekeni, mleta mada yuko Arusha, nilikuwa namjibu yeye. Na faida ya bure hii hapa kwa watu wa juu: ukishajaza na kufunga, chupa unazizamisha kwenye sufuria la maji yanayochemka. Maelekezo ya Marekani yakisema dakika 10 kwa mtu wa pwani, Arusha unaongeza 10, Njombe na Makete unaongeza 15. Sasa rudi kwenye hesabu ya Baba K: huo mkaa wa dakika za ziada mbona hajauweka? Anapigia hesabu kioo tu.

#14 Bi Mkubwa Pemba

Nyie watoto mna maneno. Kwetu achari ya ndimu na ya embe tunaanika juani kwenye kigae, tunatia chumvi, pilipili, siki, mafuta juu yafunike, chupa inawekwa dirishani. Hakuna kuzamisha wala mwinuko. Na chupa ni zile zile za miaka yote, kifuniko kikichoka tunafunga kitambaa. Huyo dada wa Tanga mafuta anatia?

#15 Mwanaisha wa Ngamiani

Shikamoo bi mkubwa. Natia mafuta, lakini wateja wa siku hizi hawapendi yakijaa juu, wanasema yanawapa kiungulia. Nimepunguza.

#16 Bi Mkubwa Pemba

Marahaba. Basi ukungu umeuona. Wateja warudishie mafuta yao.

#17 Kijana wa SUA

Bi mkubwa ana hoja. Yake inasimama kwa chumvi nyingi, siki na jua, haitegemei kifuniko. Ukipunguza kimojawapo mzigo wote unahamia kwenye kufunga.

Dada Mwanaisha, je, unajaza mpaka wapi? Jamu iache robo inchi chini ya mdomo, achari nusu inchi. Ukijaza mpaka juu, mafuta au kipande cha embe kinakaa kati ya mpira na kioo na hapo hapazibi tena, hata kifuniko kingekuwa kipya cha leo. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye siki.

#18 Mama Achari

Na kugeuza kichwa chini? SIDO, wale wa viwanda vidogo, tulifundishwa ukishafunga ya moto unageuza chupa dakika chache ili moto uue kilichoko kwenye kifuniko. Nimefanya hivyo miaka yote.

#19 Dada wa Minnesota

Habari za huko. Mama Achari, huku Marekani hiyo ya kugeuza wanaikataa, wanasema mzibo unakuwa dhaifu, lazima uzamishe kwenye maji yanayochemka. Ila mama mkwe wangu, Mmarekani wa shambani kabisa, anageuza jamu zake kila mwaka na wote tuko hai. Kwa hiyo sijui nimwamini nani.

Kuhusu jumla, huku ndiyo nyumbani kwake. Wana chupa za Mason, zimepewa jina la John Landis Mason aliyechukua hataza yake 1858. Kifuniko ni vipande viwili: sahani bapa yenye mpira, na pete ya kuzungusha. Pete unatumia mwaka hadi mwaka, sahani mara moja tu. Kwa hiyo chupa unanunua mara moja maishani, kinacholiwa ni sahani. Mwaka 2020 watu walipofungiwa nyumbani kwa korona kila mtu akalima nyanya, sahani zikaadimika madukani. Waliokuwa na maboksi yao ya jumla wakawa matajiri wa mtaa. Halafu zikaja za bandia mtandaoni, watu wakalia kama Mwanaisha.

Na hili mleta mada litakufaa: wataalamu wa huku wanasema mpira wa sahani ambayo haijatumika unafaa angalau miaka 5 tangu ilipotengenezwa. Miezi 15 yako haina shida.

#20 Fundi Chupa

Miaka 5 kwenye kabati la Minnesota. Weka kwenye stoo ya bati Tanga mwezi wa Februari, tuone kama itafika miwili. Kutu aliyoiona Mwanaisha ni chumvi ya bahari, na mfuko ulikuwa wazi. Vifuniko viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na sakafu.

#21 Baba K wa Sakina

Dada wa Minnesota, asante, umenipa kitu. Chupa hazizeeki, vifuniko vinazeeka. Basi ninunue chupa jumla na vifuniko kidogo kidogo?

#22 Dada wa Minnesota

Hapo sasa utarudi kwa Fundi na milimita zake. Chupa za Mason zenyewe zina midomo miwili, 70 na 86, na ya 70 haiingiliani na 70 ya kwenu ya kuzungusha. Nilibeba boksi la sahani kumletea mama Moshi, alizifanya za kuwekea mishumaa umeme ukikatika.

#23 Mtani wa Kikwelikweli

Wachaga bwana. Hata sahani ya Mmarekani haipotei.

#24 Mpishi wa Thika

Hamjambo majirani. Huku Kenya tunalia kama nyinyi. Mimi nilihamia plastiki, ni nyepesi, hazivunjiki njiani, na bei ni karibu nusu ya kioo. Mbona hamzitumii mwachane na hizi hesabu za vipande 19?

#25 Kijana wa SUA

Jirani, unajaza ya moto au ya baridi? Plastiki ile angavu ya chupa za maji ukiitia jamu ya nyuzi 85 inajikunja kama karanga iliyokaangwa. Kwa njugu ya kusaga sawa, kwa asali sawa. Kwa jamu utalazimika kusubiri ipoe, na ikishapoa umefungia vimelea humo humo, kwa hiyo unarudi kwenye dawa ya kuhifadhi.

#26 Mpishi wa Thika

Ni njugu, kweli. Na asali kidogo. Sawa, nimenyamaza.

#27 Mkulima Kijana

Kwa kuwa imetajwa dawa ya kuhifadhi: ile sodiamu benzoeti niliona inauzwa pakiti ya gramu 100 na mfuko wa kilo moja, na mfuko unapunguza bei sana ukigawa kwa gramu. Ninunue kilo?

#28 Kijana wa SUA

Kiwango cha juu cha kawaida ni gramu 1 kwa kilo ya chakula. Kilo moja ya dawa ni tani nzima ya sosi. Una tani ya sosi? Chukua gramu 100 na mizani ndogo ya kupimia gramu. Halafu inafanya kazi kwenye vitu vichachu tu, usiitie kwenye maharage ukadhani umemaliza.

#29 Mzee wa Maharage

Kwani maharage yana shida gani? Sisi tuna familia kubwa. Napika maharage na njegere kilo ishirini kwa mpigo, najaza chupa, nachemsha saa nzima, naweka stoo. Mkaa naokoa, muda naokoa. Hiyo ndiyo jumla ya kweli. Wiki tatu sasa na ni matamu.

#30 Kijana wa SUA

Mzee wangu, shikamoo, na naomba hizo chupa usifungue.

Vitu vichachu, yaani vyenye pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.6, kama jamu, achari ya siki, sosi ya nyanya iliyotiwa ndimu, vinasalimika kwa maji yanayochemka. Maharage, njegere, mahindi, nyama, samaki, mchicha haviko huko. Kuna kimelea kinaitwa Clostridium botulinum, mbegu zake ziko kwenye udongo, zinavumilia maji yanayochemka hata masaa. Ukiua vimelea vingine vyote na kutoa hewa, umekitengenezea chumba chake. Kinatoa sumu inayopoozesha misuli mpaka ya kupumulia. Na chakula kinaweza kisinuke wala kisibadilike rangi. Wenye viwanda wanapandisha joto mpaka nyuzi 121 kwa presha. Maharage yachemshe, gawa kwenye vikopo, weka friza.

#31 Mzee wa Maharage

Marahaba. Kijana, babu zako walikula nini?

#32 Wa Njombe Baridi

Babu zetu walikausha maharage, Mzee. Hawakuyatia kwenye chupa.

#33 Mzee wa Maharage

Presha kuka ya nyumbani je? Ninayo ya lita 7.

#34 Kijana wa SUA

Ile ya jikoni wengi haina kipimo, hujui imefika joto gani wala imekaa muda gani. Siwezi kukuambia endelea. Friza, mzee wangu.

#35 Nyanya Masalo

Kijana umenishtua hapo uliposema nyanya iliyotiwa ndimu. Mimi natia chumvi tu.

#36 Kijana wa SUA

Nyanya iko mpakani, inacheza kati ya 4.3 na 4.9. Na ikiiva mno uchachu unashuka, kwa hiyo zile masalo zako za bei ya kutupa ndizo za kuangalia zaidi. Kijiko kikubwa cha maji ya limau kwa chupa ya nusu lita, viwili kwa ya lita. Wamarekani wanapendekeza yale ya limau ya chupa kwa sababu ukali wake haubadilikibadiliki.

#37 Nyanya Masalo

Ndimu natia. Ya chupa kwa bei ile, hapana. Muheza iko wapi?

#38 Bi Mkubwa Pemba

Ndimu za shamba zina ukali kuliko hayo ya chupa.

#39 Mhenga Mtandaoni

Historia kidogo. Aliyeanzisha haya ni Mfaransa Nicolas Appert. Serikali yao ilimpa zawadi ya faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuhifadhi chakula ndani ya chupa kwa moto, na chupa zenyewe zilikuwa za shampeni, anafunga kwa kizibo na nta. Hakujua kwa nini chakula hakiozi. Pasteur na vimelea vyake alikuja miongo kadhaa baadaye.

#40 Mpiga Ramli

Kwa hiyo hata Mfaransa alianza na chupa za kuokoteza baa. Dada Mwanaisha uko kwenye njia ya zawadi.

#41 Mnyamwezi wa Asali

Mmenikumbusha. Kwetu Tabora asali inakaa kwenye chupa ya Konyagi, ndiyo mila. Nilipeleka posa na chupa mbili nimeziosha vizuri, nikazipanga mezani. Baba mkwe alitabasamu, mama mkwe akasema "mwanangu haolewi na mlevi". Ilibidi nifungue nimwonjeshe kwa kidole.

#42 Mtani wa Kikwelikweli

Baba mkwe alitabasamu kwa sababu alitarajia Konyagi. Ulimkosea yeye.

#43 Mama Achari

Turudi kwenye mada. Chupa za kukusanya zinaokoa kuliko jumla yoyote ya Dar, ila kazi yake mnaijua? Lebo inalowekwa kwenye maji ya moto na magadi, gundi inayobaki unasugua kwa mafuta ya kula yaliyochanganywa na magadi hayo hayo. Halafu uipige kucha mdomoni kuzunguka, ukisikia mkwaruzo mdogo tu weka pembeni, hiyo haitaziba. Na chupa ya baridi usiitie jamu ya moto, itapasuka kitako chote kikabaki mezani. Mimi sasa nina msichana wa kuosha, na nikimlipa, kila chupa inanigharimu kama mpya.

#44 Kikundi cha Kihonda

Sisi Morogoro tulisema tutumie umoja. Akina mama kumi na wawili, kila mtu akachanga, tukaagiza mzigo mkubwa wa chupa na vifuniko vyake. Bei ilishuka kweli, usafiri tukagawana. Tatizo likawa stoo. Chupa zikalala kwa mwenyekiti, vifuniko kwa mweka hazina ili mmoja asiibe. Mweka hazina mume wake akahamishiwa Sumbawanga. Vifuniko vikaenda Sumbawanga.

#45 Mpiga Ramli

😂😂 Mwenyekiti ana vikombe vya chai vya maisha.

#46 Kikundi cha Kihonda

Kaka, tunanywea uji mpaka leo.

#47 Mwenye Duka Kariakoo

Naongea kama muuzaji. Bei ya jumla siyo siri, kiwandani wanataka mtu wa mzigo mkubwa, sisi wa katikati tunaugawa. Ukinunua 480 kwangu mimi tayari nimeshaweka faida yangu. Kwa hiyo mleta mada hujawahi kufika kwenye jumla yenyewe, umefika kwa mjomba wake. Hayo ya vifuniko: mfuko usio na chapa mara nyingi ni masalia ya mizigo tofauti yaliyochanganywa. Hata sisi hatujui umri wake.

#48 Fundi Chupa

Asante. Yaani meno tofauti.

#49 Kijana wa SUA

Yaani mpira mzee.

#50 Mkulima Kijana

Na sukari? Nasikia ndiyo ya kununua mfuko wa kilo 50.

#51 Mama Achari

Mapema 2024 sukari ilipoadimika, waliokuwa na mfuko stoo walipika jamu, wengine tulitazamana. Jamu inataka karibu kilo ya sukari kwa kilo ya tunda, huwezi kudanganya, ukipunguza inachacha. Ila pwani mfuko unashika unyevu unakuwa jiwe, na sisimizi wana taarifa zote. Gawaneni watu wawili.

#52 Baba K wa Sakina

Anayepika jamu ya kuuza mtaani anahitaji kibali cha TFDA, si ndiyo? Nikipanua nizimalize chupa hizi.

#53 Mwenye Duka Kariakoo

TFDA haipo tangu 2019. Ilibaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Chakula kilihamia TBS, shirika la viwango. Anzia SIDO mkoani kwako.

#54 Bi Mkubwa Pemba

Na Zanzibar ni ZFDA na ZBS, msitusahau.

#55 Wa Njombe Baridi

Baba K, ukimaliza kupanua uje na hesabu ya mkaa.

#56 Baba K wa Sakina

Ya mkaa nitaipiga. Kwa sasa: kuna mtu Arusha au Moshi anayetaka chupa 200 kwa 850? Nabaki na 261, hela nyingine iende kwa kuku.

#57 Mama Achari

850 na nije mwenyewe kuchukua? Sema 800.

#58 Baba K wa Sakina

Dada, zimenigharimu 816.

#59 Mama Achari

Hizo 19 ulizovunja usinibebeshe mimi. 800, na nakuja na magazeti ya kufungia.

#60 Mwanaisha wa Ngamiani

Nimepima. Chupa zangu ni 63 zote isipokuwa nne. Meno yapo ya aina mbili kwenye mfuko mmoja. Lakini hata yenye meno sawa mengine hayazamishi kitufe. Fundi na Kijana, sasa?

#61 Fundi Chupa

Piga picha ya ndani, hizo zinazogoma na zinazoshika, ziweke sambamba.

#62 Kijana wa SUA

Na useme zilizogoma ulizijaza mpaka wapi.

#63 Bi Mkubwa Pemba

Na mafuta je, umerudisha?